Nia Njema Katika Kuhamisha Amana

Taasisi ikiamua kuhamisha kituo chake cha data, kazi huanzia kwenye karatasi kabla ya waya wowote kuchomolewa. Watu wachache hukaa na kutoa tarakimu: kuhama kutagharimu kiasi hiki, kutachukua wikendi kadhaa, na pembeni patengwe kiasi fulani cha dharura. Tarakimu hizo hupanda ngazi hadi kwa wakurugenzi, zikipunguzwa kidogo hapa na pale, mwishowe hupitishwa. Swali linalonishughulisha haliishii kwenye uhasibu. Tuseme aliyekadiria aliamini kwa moyo safi kwamba fedha zile zingetosha, kisha zisitoshe, na katika kubana matumizi taarifa za watu zikapotea, au zikafungiwa wasizipate kwa wiki nzima. Je, ana hatia? Wengi wetu tungesema hana: amekosea hesabu, na hakuna binadamu asiyekosea. Mimi naona anayo, tena hatia hiyo haingoji mambo yaharibike. Ilikuwapo tangu siku aliposaini.

Kwanza inafaa kuona ni nini hasa kinachohesabiwa. Mtu wa nje hudhani gharama ni lori, mafundi na kodi ya jengo jipya. Hizo ndizo nyepesi kukadiria. Uzito uko kwingine. Kwa wiki au miezi taasisi hulipa kodi mara mbili, umeme mara mbili na laini za mtandao mara mbili, kwa sababu kituo cha zamani hakiwezi kuzimwa kabla kipya hakijathibitishwa. Zipo programu ambazo leseni zake zimefungwa kwenye mashine maalumu. Ukiibadilisha mashine, mwenye programu anadai malipo mapya. Ipo bima ya njiani. Yapo malipo ya wafanyakazi watakaokesha. Halafu ipo mashine isiyojulikana: seva iliyo chini kabisa ya kabati, lebo yake imefifia, aliyeifunga alishaacha kazi, na daftari la vifaa linaitaja kwa namba tu. Taa yake inawaka. Inafanya nini? Huenda haifanyi lolote. Huenda ndiyo inayopeleka orodha ya mishahara benki kila mwisho wa mwezi. Ili kujua, lazima mtu alipwe siku kadhaa akifuatilia nyaya zake na kuchungulia inawasiliana na nani. Hata ikishajulikana, ndani yake mna diski zilizozunguka miaka bila kusimama, na diski za namna hiyo zikizimwa na kupoa, baadhi haziwaki tena. Mafundi wanalijua hilo. Ndiyo maana fundi mzoefu hagusi swichi kabla hajachukua nakala ya data yote na kuirejesha kwenye mashine nyingine, aone kwa macho yake kama inasomeka.

Kila kitu nilichokitaja ni mstari kwenye bajeti, na mingi kati ya mistari hiyo inaweza kufutwa bila jedwali kuonekana na pengo. Mtego uko hapo. Ukifuta mstari wa lori, mashine hazihami na kila mtu anaona. Ukifuta mstari wa kujaribu nakala, kuhama kunaendelea vilevile, pengine kwa mafanikio kabisa. Hatari haikuondoka, imehamishiwa kwa mtu ambaye hana habari kwamba kulikuwa na kikao. Mtu huyo ni mgonjwa mwenye faili lake hospitalini, mstaafu anayesubiri pensheni, mwenye duka ambaye fedha zake zote zimo kwenye akaunti moja. Anayepanga bajeti ya kuhama anapanga pia, apende asipende, ni hatari kiasi gani itawaangukia hao.

Mwaka 1877 mwanahisabati na mwanafalsafa Mwingereza, W. K. Clifford, alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini, akaifungua kwa kisa cha mwenye meli. Meli ni nzee, imeshatengenezwa mara nyingi, na inakaribia kung'oa nanga ikiwa imepakia familia zinazohamia ng'ambo. Wasiwasi unamwingia mwenyewe kwamba pengine ingefaa ikaguliwe na kukarabatiwa, ingawa kwa gharama kubwa. Anaufukuza. Anajiambia kwamba meli imekwenda safari nyingi na kurudi salama, kwamba Mungu hataziacha familia zile, kwamba si uungwana kuwashuku mafundi. Mwishowe anaamini kwa dhati. Meli inazama, naye anapokea fedha za bima. Clifford hamtuhumu kwa uongo. Anakubali kwamba imani ya yule bwana ilikuwa ya kweli moyoni mwake. Hukumu yake ni kwamba hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao, maana imani yenyewe aliipata kwa kuzima shaka zake badala ya kuzichunguza. Kisha anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: tuseme meli ilifika salama. Hatia haipungui hata chembe. Tofauti pekee ni kwamba mkosaji hakugundulika.

Mtu atauliza, ushahidi gani? Ya kesho hayajafika, na kila kadirio ni kubahatisha. Kwa nini mwenye matumaini alaumiwe kuliko mwenye hofu? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama makosa yetu ya kukadiria yangeangukia pande zote mbili sawasawa. Hayaangukii hivyo. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jinsi mtu anayepanga kazi yake anavyoitazama kazi hiyo kutoka ndani, akifuata hatua moja baada ya nyingine kana kwamba kila hatua itakwenda ilivyopangwa. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Wanafunzi walikadiria kwamba wangemaliza kwa wastani wa siku 33.9. Wakaulizwa tena: na kila kitu kikienda vibaya kadiri inavyowezekana? Wakasema siku 48.6. Walimaliza kwa siku 55.5. Inafaa kuitazama kwa makini tarakimu ile ya katikati. Walipoombwa wawaze mabaya kuliko yote, mabaya yale waliyoyawaza bado yalikuwa mepesi kuliko ya kawaida yaliyowakuta. Na hawa walikuwa wakikadiria kazi yao wenyewe, bila bosi wa kumpendeza wala zabuni ya kushinda.

Katika kazi za kompyuta hali ni mbaya zaidi, kwa namna ambayo wastani huificha. Bent Flyvbjerg na Alexander Budzier walichunguza miradi 1,471 ya teknolojia ya habari na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Kwa wastani miradi hiyo ilizidi bajeti kwa asilimia 27, kiasi ambacho mkurugenzi yeyote angekivumilia. Lakini mmoja kati ya kila sita ulizidi kwa wastani wa asilimia 200. Anayetenga asilimia kumi ya dharura kwa sababu ndiyo desturi ya ofisi amejiandalia yale madogo yanayowapata wengi, na hajaandaa chochote kwa lile kubwa linalowapata wachache na kuwamaliza. Ushahidi huu haujafichwa. Unapatikana kwa yeyote mwenye kutaka kuuliza waliohama kabla yake yaliwafika yapi. Mkadiriaji anaposema "niliandika nilichokiamini", anatuambia tu kwamba alitumia kipimo ambacho imeshajulikana kina kasoro, na inajulikana kasoro imeelekea upande gani.

Mfano ulioandikwa kwa kina kuliko yote niijuayo ni wa benki ya TSB ya Uingereza. Benki hiyo ilitengwa na Lloyds kwa sharti la Tume ya Ulaya, baada ya Lloyds kuokolewa kwa fedha za umma, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Sabadell ya Hispania. Taarifa za wateja wake milioni 5.2 zilibaki kwenye mifumo ya Lloyds, TSB ikiilipia kila mwaka. Lloyds ilichangia pauni milioni 450 za kugharimia kuhama. Fedha, basi, zilikuwapo. Tarehe ya kwanza ilikuwa Novemba 2017. Septemba ya mwaka huo ikaonekana haiwezekani, mpango ukaandikwa upya na kuhama kukaahirishwa hadi mwaka uliofuata. Kampuni ya mawakili ya Slaughter and May, iliyopewa kazi ya kuchunguza, ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba mpango ulijengwa kuanzia mwisho: tarehe iliwekwa kwanza, kisha kazi zikabanwa zienee ndani yake. Vituo viwili vya data vilitakiwa kubeba benki kwa pamoja, lakini majaribio ya kupima kama vingehimili uzito huo yalifanyika kwenye kimoja tu.

Wikendi ya tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018 wakahama. Data yenyewe ilifika salama, jambo ambalo wadhibiti walilikubali baadaye. Ila mfumo ulioipokea ulianza kuanguka papo hapo. Wateja milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, wengine wakifungua na kuona akaunti za watu wasiowajua, na matapeli wakaitumia vurugu hiyo kuiba. Mambo hayakutulia kabisa hadi Desemba. Gharama za mkasa huo kwa mwaka 2018 zilifika pauni milioni 330. Fidia kwa wateja ilikuwa pauni milioni 32.7, na Desemba 2022 wadhibiti wawili waliitoza benki faini ya pauni milioni 48.65. Aprili 2023 aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa benki alitozwa faini yake binafsi, pauni 81,620. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Hakushtakiwa kwa udanganyifu. Kosa lake lilikuwa kutochukua hatua za kutosha kujiridhisha kwamba mtoa huduma aliyesema yuko tayari yuko tayari kweli. Alipokea neno la mtoa huduma. Sheria ya kidunia, isiyojali mambo ya roho, ilifikia hukumu ileile ya Clifford: kuamini si utetezi, ikiwa ulikuwa na njia ya kuhakikisha na hukuifuata.

Wanafiqhi, yaani wanasheria wa Kiislamu, walilishughulikia suala hili karne nyingi kabla ya umeme. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ana mlango wa amana katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii kwenye pwani yetu wamekisoma vizazi na vizazi. Anaanza kwa masharti ya kupokea. Asiyeweza kuilinda amana ni haramu kwake kuipokea. Anayeweza lakini hajiamini uaminifu wake, inachukiza aipokee. Anayeweza na kujiamini, imependekezwa aipokee. Kisha anataja yale yanayomfanya mwenye kushika amana awajibike kuilipa, na miongoni mwake limo suala letu hasa: akiihamisha kutoka mtaa au nyumba kwenda nyingine iliyo dhaifu kuliko ile kwa ulinzi, analipa; ikiwa ulinzi haukupungua, halipi. Akisafiri nayo pia analipa, isipokuwa umezuka moto au uvamizi na hakupata mtu wa kumkabidhi.

Kipimo hapa ni uimara wa mahali, na mahali hupimwa kwa desturi ya watu katika kuhifadhi kitu cha namna ile. Haulizwi aliyeihamisha kama aliamini nyumba mpya ni salama. Inaulizwa kama ni salama. Kabla ya kuhamisha, mkono wake ulikuwa mkono wa amana, kiasi kwamba kitu kikipotea bila uzembe hadaiwi. Baada ya kukipeleka mahali dhaifu umegeuka kuwa mkono wa dhamana. Safari yenyewe, kuanzia mlango wa zamani hadi mlango mpya, ndipo hali yake inapobadilika. Na kuhamisha data kuna wakati fulani, wa saa chache au siku chache, ambapo ulinzi hupungua bila shaka yoyote: nakala moja imezimwa, nyingine haijathibitishwa. Bajeti ndiyo inayoamua urefu wa wakati huo, na kama patakuwapo nakala ya tatu mahali pengine.

Najua data haifanani kwa kila kitu na kibubu cha fedha alichokiwazia Nawawi. Data inanakiliwa, anayeitunza huitumia na kunufaika nayo, mwenyewe haidai irudi. Lakini tofauti hizi zinalikaza jambo badala ya kulilegeza. Mtunza amana wa kwenye fiqhi anamfanyia mwenzake hisani bila malipo, na bado sheria inambana hivyo. Taasisi zetu hulipwa, au huishi kwa taarifa hizo, na mara nyingi mwenye taarifa hana hiari: huwezi kupata kitambulisho, matibabu wala akaunti ya benki pasipo kuzitoa. Tena nakala haisaidii kitu ikiwa hakuna aliyeijaribu.

Hapa Mwislamu ana haki ya kunirudi kwa Nawawi yuleyule. Hadithi ya kwanza katika mkusanyo wake wa hadithi arobaini ndiyo inayoweka nia kuwa msingi wa matendo. Ikiwa nia ya mkadiriaji ilikuwa njema, ninapata wapi ujasiri wa kumwita mwenye hatia? Nimeipima hoja hii na naona haimwokoi. Nia huamua uhusiano wa mtu na Mola wake katika tendo alilolitenda. Haimwondolei mtu mwingine haki yake. Ndiyo maana mwanachuoni yuleyule aliweza kuandika mambo yote mawili bila kujipinga. Lakini sitaki kujificha nyuma ya tofauti ya dhambi na fidia, kwa sababu nimedai zaidi ya fidia. Sharti la kwanza la kupokea amana linamtaka mtu ajue uwezo wake. Asiyejua kama anaweza kulinda, na hataki kujua kwa sababu kujua kutaongeza gharama, hajatimiza sharti hilo, na nia yake yenyewe ina walakini. Nia njema kuhusu mali ya mwenzio inaanza na kutaka kujua ukweli wa mali hiyo. Aliyekwepa ukaguzi alinuia mambo yaende vizuri. Kunuia hivyo ni kutumaini tu.

Wapo wanaoliona fungu la dharura kuwa upungufu wa tawakuli. Hili sitalikawilia. Nabii Yusuf alipewa ujuzi wa miaka saba ya neema na saba ya njaa kutoka kwa Mwenyewe Mungu, na kilichofuata kilikuwa maghala. Sura ya Pango inamkataza mtu kusema atafanya jambo kesho pasipo kulifunga na matakwa ya Mungu, na Waraka wa Yakobo unawakemea wafanyabiashara wanaotangaza mji watakaokwenda, mwaka watakaokaa na faida watakayopata. Kote kuwili kinachokemewa ni uhakika wa mja juu ya kesho. Bajeti isiyo na fungu la dharura ndiyo inayosema kesho ni yangu. Fungu la dharura ni inshallah iliyoandikwa kwa tarakimu. Injili ya Luka nayo ina mfano wa mtu anayejenga mnara, anayetakiwa kukaa chini na kuhesabu gharama asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapita njia. Mahubiri mengi kuhusu mipango hutegemea mfano huo, nami nauheshimu, ila kwa kesi yetu una mpaka wake: aliyeshindwa kumaliza mnara anachekwa yeye. Hasara inabaki kwake. Kituo cha data kikiangushwa njiani, anayechekwa na anayeumia ni watu wawili tofauti, na huyu wa pili ndiye mwenye uzito.

Kutoka hapo naweza kujibu hoja ya mwanauchumi Albert Hirschman, ambayo naiheshimu kuliko nyingine za upande unaotetea makadirio ya chini. Mwaka 1967, baada ya kutazama miradi ya maendeleo katika nchi mbalimbali, Hirschman aliandika kwamba upo mkono unaoficha: kama binadamu wangeyajua mapema matatizo yatakayowakuta, wasingeanzisha lolote kubwa, lakini wakishaingia, ubunifu ambao hawakujua wanao huwaokoa. Kwa maana hiyo makadirio ya chini ni baraka iliyojificha. Anayefanya kazi ofisini anaijua sura ya mtaani ya hoja hii: ukisema gharama halisi mradi haupiti, nao mradi unahitajika, basi taja ndogo tuanze. Cass Sunstein na Flyvbjerg waliipima nadharia hiyo kwa takwimu mwaka 2016 na kuona kwamba mara nyingi zaidi mkono huo hudhuru. Lakini hata kama takwimu zingesema kinyume, ningeikataa kwa amana. Anayejirusha kwenye biashara yake bila kujua ugumu uliomo anacheza na chake, na akiibuka mshindi tutampongeza. Hana ruhusa ya kucheza na cha mwingine ambaye hakuulizwa. Na anayetaja ndogo akijua ni ndogo ameshatoka kwenye nia njema. Huyo amedanganya, na kesi yake haina ugumu wa kifalsafa.

Hoja nzito imebaki, na ndiyo inayonikosesha raha. Taasisi zetu nyingi ni maskini. Kila shilingi inayotengwa kwa dharura ambayo huenda isitokee ni shilingi iliyoondolewa kwenye dawa, vitabu, au mshahara wa mtu. Mkadiriaji anayejaza bajeti kwa hofu naye anadhulumu, na israfu haiwi ibada kwa kuitwa tahadhari. Hili ni kweli, na kwa sababu ni kweli sisemi kwamba makadirio ya juu ndiyo ya haki. Ya haki ni yale yanayolingana na ushahidi, na ushahidi wakati mwingine husema usihame mwaka huu. Au hamisha mfumo mmoja, jifunze, ndipo uhamishe wa pili. Au zima kwanza mashine ambazo hazina kazi. Maskini ana njia za kulinda zisizo za fedha nyingi, na muda ndiyo kubwa kati yake. Asiyeweza kugharimia ulinzi wa safari ameshaambiwa na Nawawi kwamba hatakiwi kujitwisha. Kwa taasisi ambayo haiwezi kukataa kuzishika taarifa, tafsiri yake ya karibu ni kwamba isizisogeze mpaka iweze.

Tusidhani pia kwamba umaskini ndio chanzo. Tarehe 26 Septemba 2025, katika kituo cha taifa cha data mjini Daejeon, Korea Kusini, mafundi walikuwa wakihamisha betri za lithiamu zinazoshika umeme wa akiba. Kazi yenyewe ilikuwa ya tahadhari, ya kuzitenga betri hizo mbali na seva. Moto ukazuka. Mifumo 709 ya serikali ilizimika, na 96 kati yake ikaungua. Hifadhi ya pamoja ambamo watumishi wa serikali waliweka nyaraka zao za kazi, terabaiti 858, iliteketea yote na hapakuwa na nakala nje ya jengo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kunakiliwa kwingine. Nchi hiyo si maskini wa fedha wala wa utaalamu. Inatengeneza chipu za kuhifadhia data zinazotumika dunia nzima. Wakati fulani watu wenye akili na nia njema waliangalia gharama ya kunakili terabaiti 858, wakaangalia jengo lililosimama imara, wakaridhika. Kama betri zile zingehamishwa bila cheche, hifadhi ingekuwa salama leo, na kwa kipimo cha Clifford wangekuwa na hatia ileile, isipokuwa tusingeijua.

Wenye uzoefu wa miradi watanikumbusha kwamba fedha za dharura hazibaki. Zikionekana kwenye jedwali, zinaliwa: fanicha za ofisi mpya, safari za kukagua, posho. C. Northcote Parkinson aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka kujaza muda uliotengewa, na fedha zina tabia hiyo hiyo. Jibu ni la kiutawala na halihitaji falsafa: fungu la dharura lishikwe na mkono usioendesha mradi, na kila linapoguswa sababu iandikwe. Ninalolikataa ni kutumia udhaifu huo kama kisingizio cha kufuta fungu lenyewe, maana hapo tunamwadhibu mwenye taarifa kwa ulafi wa wengine.

Kinachokosekana kwenye vikao hivi ni mwenye taarifa mwenyewe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kushika data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kugundua uvujaji wenye hatari ya madhara. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ni hatua njema, na zimempa mwananchi mahali pa kulalamika baada ya kuumia. Kabla ya kuumia, mahali ambapo angeweza kuonekana ni kwenye jedwali la bajeti. Ningependa jedwali hilo liwe na safu moja zaidi, pembeni ya safu ya kiasi, inayotaja mstari huu ukifutwa atakayeumia ni nani. Kwenye mstari wa lori ingeandikwa: hakuna, tutachelewa tu. Kwenye mstari wa kujaribu kurejesha nakala ingeandikwa: wagonjwa wote waliolazwa, na wote wenye miadi ya Jumatatu. Kisha nafasi ya jina na saini ya aliyeufuta.